Njoo na Taa Imewaka

Ukitaka Maulida aliguse tangi la gari lako kuna sharti moja, na hilo halina mjadala: uje na taa ya mafuta imewaka. Ukimletea tangi limejaa, hata kama umelisukuma gari kutoka Mlandizi, atakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kisha atarudi kwenye kikombe chake cha chai. "Mimi si mpagazi," atakwambia. "Nenda kazunguke nalo, yakiisha urudi." Na watu wanakwenda, wanazunguka, wanarudi. Hivyo ndivyo alivyoizoesha Maili Moja nzima, hapo Kibaha.

Usimwone mkorofi bure, sababu anayo. Tangi la gari hushushwa kwa chini. Mtu analala chali juu ya kipande cha zulia, analegeza mikanda miwili ya chuma, na tangi linamshukia kifuani. Likiwa limejaa ni kama kumbeba mtoto wa darasa la sita asiyetaka kubebwa, maana mafuta yanakimbilia huku na huku humo ndani. Likiwa na lita tatu nne unalipakata kama kichanga. Maulida ana miaka arobaini na miwili, na mgongo aliopewa ni huo huo mmoja.

Kazi yenyewe hakuianzia kwenye magari. Kazaliwa Kisarawe, Mzaramo kwa baba na kwa mama, lakini ndoa ilimpeleka Dutumi, akamkuta mume ana bustani ya nyanya na pampu ya kuvutia maji isiyovuta. Mume alikuwa hodari wa kueleza kwa nini haivuti. Mke akachukua spana akaifungua, akaikuta ina kipande cha jani kimekwama kooni. Ndoa baadaye ilikufa, pampu ikabaki nzima. Majirani wakaanza kumwita, kisha watu wa Gwata, kisha dereva mmoja aliyekwama barabarani akamwomba atazame na ya kwake. "Pampu ni pampu," husema hadi leo. "Inavuta au haivuti. Ukiielewa ya maji, ya petroli ni mdogo wake." Sasa ana banda lake la mabati nyuma ya wauza matairi, na watu wanatoka Dar na magari yao ya fahari kumfuata.

Mkono Mungu alimpa. Mdomo nao hakumnyima, na mdomo huo ndio uliomletea hadithi hii.

Mwaka jana alimjia mzee Husseini wa Kisarawe. Si ndugu wa damu, lakini ametoka kijiji cha mama yake, kwa hiyo ni mjomba, na Maulida kamwita mjomba tangu hajaota meno ya mbele. Mzee huyu aliendesha malori ya watu miaka thelathini na mmoja, Tunduma, Kigoma, Songea, bila kuangusha hata moja. Alipostaafu akajifanyia jambo moja la kujipendeza: akajinunulia gari dogo la buluu lenye injini ya turbo, gari la kijana. Wanawe walinuna. Yeye alikuwa akilifuta kwa shati lake mwenyewe.

Pampu yake ilikuwa imechoka, akataka yenye nguvu zaidi. Aliambiwa aje na taa imewaka, akaja na taa imewaka. Maulida akaifunga siku hiyo hiyo. Mzee alipokuwa anaondoka akauliza, "Nipitie sheli nijaze kabisa, mwanangu?"

"Usijaze, mjomba," akamjibu. "Yaliyomo yanakufikisha nyumbani. Kaisikilize kule mlimani, ikisumbua unirudishie kesho niifungue kirahisi."

Mzee akaenda. Nyumba yake iko juu ya mlima wa Kwa Mwinyimadi, nyuma ya Kisarawe, barabara ya vumbi yenye kona tatu, ya tatu ndefu, inakunja kushoto huku inapanda. Kwenye kona hiyo ya tatu, paa la nyumba yake analiona, injini ikagonga mara mbili, ikatoa moshi, ikanyamaza. Gari likarudi Kibaha limefungwa kamba. Maulida alipoifungua injini akakuta pistoni mbili zimeyeyuka vichwa kama mshumaa.

Hapo ndipo angenyamaza. Mtu mwingine angesema ngoja nichunguze. Yeye alisimama na pistoni mkononi, mbele ya wauza matairi, muuza kahawa na watu waliokuwa wanapita na zao, akasema, "Haya ndiyo mafuta ya chupa haya. Mtu anabeba injini ya turbo anainywesha mafuta ya kando ya barabara."

Alikuwa anaamini, msidhani alitunga. Petroli ya kwenye chupa za maji, ile wanayouziwa bodaboda vichochoroni, mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa, na kweli inaua injini. Lakini kuamini si kujua. Wiki haikuisha, kuanzia Maili Moja hadi Kisarawe mzee akawa anaitwa Husseini wa Chupa. Dereva wa miaka thelathini na mmoja, watoto wanampita barabarani wanauliza, "Mzee, ya leo umeweka chupa ngapi?" Akaapa kwamba hajawahi kununua mafuta ya chupa maishani mwake. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. Akalivuta gari lake nyumbani, akaliweka juu ya matofali.

Tangu siku hiyo Maulida akikutana naye msibani au harusini, akamwamkia, "Shikamoo, mjomba," mzee huangalia juu ya kichwa chake, kana kwamba kuna mtu kamwita kule nyuma. Haitiki. Mwenye akili zake anajua uzito wake: mkubwa aliyekuzoea asipokupa marahaba yako, shikamoo inabaki inaning'inia hewani na watu wanaisikia. Maulida alikuwa akisema, "Shauri yake." Lakini njiani kurudi alikuwa hasemi neno mpaka Kiluvya.

Sasa aje Fabian.

Fabian ni Mnyamwezi wa Tabora, afisa wa kompyuta katika ofisi moja hapo Kibaha, amejenga Mbwawa, mtaratibu, mwenye miwani, na hana kasoro nyingine ila gari. Gari lenyewe ni la kijivu, rangi imebabuka madoa madoa, kwa hiyo analiita Kanga, kama yule ndege. Alikuwa amekwisha kulifunga turbo kubwa kuliko ile lililokuja nayo, na alitaka kulipandisha mlima wa Kwa Mwinyimadi. Wapenda magari wa Kibaha na Kisarawe wana Jumapili yao kila mwaka. Wanaomba kibali, barabara inafungwa, gari moja moja linapanda kwa kushindana na saa.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani toka enzi za misafara, kwa hiyo hata salamu hazikuwa za heshima.

"Babu zako walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani wamebeba pembe kichwani," Maulida alimwambia, "leo wewe kimlima cha Kisarawe unataka turbo?"

"Walitembea ndiyo," Fabian akajibu, "na wakakuta babu zako wamekaa kivulini wanawangoja wawauzie mihogo. Njoo ufungue gari, mtani. Taa imewaka."

Kazi ilikuwa kubwa, na Maulida alimweleza Fabian kwa namna anayowaelezea wote. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ni unga, petroli ni maji. Ukiongeza unga bila kuongeza maji, ugali unashika chini na sufuria inaungua. Sufuria ni pistoni. Kwa hiyo aliingiza pampu mpya ndani ya tangi, yenye nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Akaivutia waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, maana ule wa zamani ungepata moto kama pasi. Akabadilisha nozeli zote nne zinazonyunyiza mafuta, akaweka kubwa. Akaweka na kidude cha kurekebisha presha, ili turbo ikizidi kusukuma hewa, presha ya mafuta nayo ipande. Fabian alikaa ndani na kompyuta yake mapajani, anaifundisha injini kuhesabu upya. Wakanywa chai nyingi, wakatukanana sana, na siku ya nne Kanga likanguruma mpaka wauza matairi wakasimama.

Majaribio yakaanza. Maulida alifunga geji ya presha ya mafuta nje ya kioo cha mbele kwa utepe wa gundi, mshale wake ukiwatazama usoni. Barabara za Mbwawa, tambarare, mshale ulisimama kama askari. Wakaenda Kisarawe. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, Fabian kakanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi, mshale ukaanguka.

"Toa mguu," Maulida akasema.

Fabian akatoa. Wakasimama kando, vumbi likawapita. Juu yao kulikuwa na paa la nyumba ya mzee Husseini, na kwenye ua mtu aliyevaa kofia ya kufuma alikuwa amesimama anawatazama. Maulida akajifanya anaitazama geji.

Alishusha tangi, akabadilisha chujio. Wakarudi mlimani, kona ya tatu, mshale chini. Akashusha tangi, akabadilisha pampu. Mshale chini. Akafuatilia waya shubiri kwa shubiri, akakata akaunga upya. Mshale chini, pale pale, kona ile ile. Kila wakati taa ya mafuta ikiwa imewaka, bila shaka, kwa sababu kesho tangi litashushwa tena na mgongo ni mmoja.

Zikabaki wiki mbili kabla ya Jumapili ya mashindano. Maulida akawa hasemezeki. Akimfokea muuza kahawa leo, kesho anamfokea paka wa muuza kahawa. Alikuwa anaogopa, hilo ndilo lililokuwepo. Injini moja kuyeyuka kwenye kona ya tatu ya Kwa Mwinyimadi baada ya kupita mikononi mwake, watu walikubali kwamba ni chupa. Injini ya pili, kona hiyo hiyo, mikono hiyo hiyo, mbele ya umati wa Jumapili, chupa gani tena ingemwokoa? Ingekuwa basi. Jina lililomchukua miaka kumi na tano kulijenga, kuanzia jani la kwenye pampu ya Dutumi, lingekwisha mchana mmoja, naye arudi kwenye nyanya.

Kilichomfumbua macho wala si ufundi. Ni Eugenia, mke wa Fabian, mwanamke asiyepanda gari lenye taa ya mafuta imewaka. Ijumaa walikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi Morogoro, na Eugenia alisema wazi kwamba yeye hawezi kusafiri na vitenge vyake vipya huku kitaa kinamkonyeza. Fabian akajaza tangi mpaka shingoni. Jumapili wakati wa kurudi kutoka Morogoro walikuwa na mizigo, wakajaza tena Mlandizi. Jumatatu akatoka kazini, akapita mlimani peke yake, kisha akaja bandani anacheka.

"Mtani, gari limejiponya."

"Gari halijiponyi."

"Basi twende."

Wakaenda. Kona ya kwanza, ya pili. Ya tatu Fabian akakanyaga mpaka mwisho, Kanga likarusha mchanga, na mshale haukutikisika. Wakafika juu. Maulida hakushangilia. Alishuka, akazunguka gari mara moja, akagonga tangi kwa kidole. Likajibu kwa sauti ya kushiba.

"Yatoe," akasema.

"Niyatoe nini?"

"Mafuta. Leta mpira na madumu."

Wakayanyonya kwa mpira hapo hapo kando ya barabara mpaka taa ikawaka. Wakashuka chini ya mlima, wakapanda tena. Kona ya tatu, mshale ukaanguka kama mtu aliyekatwa miguu.

Jambo lenyewe ni jepesi hata linaudhi. Mafuta yakiwa machache, gari likipanda na kukunja kushoto kwa kasi, yote yanakimbilia kona ya nyuma ya kulia ya tangi. Pampu iko kushoto. Kwa sekunde mbili tatu inabaki kavu, inavuta hewa. Gari la kawaida litakohoa kidogo na kuendelea na safari. Turbo haikohoi. Turbo inaendelea kumwaga unga, maji hakuna, sufuria inaungua.

Maulida aliketi juu ya jiwe. Fabian akadhani amechoka, akaanza kusema kwamba dawa imepatikana, watakuwa wanajaza tu, kumbe ni rahisi hivyo. Maulida alikuwa hamsikii. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ya mwaka jana, laini, ya mtu anayejiamini. Usijaze, mjomba. Yaliyomo yanakufikisha nyumbani. Kaisikilize kule mlimani.

Akainua macho kuelekea paa la mzee Husseini.

"Nimemuua mimi," akasema.

"Nani?"

Akamsimulia yote. Fabian alivua miwani akaifuta, kazi ambayo haikuhitaji muda wote ule.

"Mtani," akasema mwishoni, "nyani haoni kundule. Mwaka mzima mzee wa watu anabeba chupa yako."

Angesema mtu mwingine, Maulida angemrukia. Lakini mtani hakasirikiwi, ndiyo kazi yake. Hata msibani ndiye anayeruhusiwa kulisema lile ambalo ndugu wanalimeza. Maulida akaokota kijiti akakivunja vipande vidogo vidogo.

"Wewe tu ndiye unayejua," akasema.

"Mimi na wewe. Tumeshakuwa wawili."

Siku zilizofuata alifanya kazi kuliko kawaida, kwa sababu mtu mwenye shughuli ana udhuru. Hakutaka kutegemea tangi kujazwa tu. Katikati ya mashindano nani atakumbuka. Akatengeneza kitangi kidogo cha lita mbili, kirefu na chembamba, akakifunga ndani ya buti. Pampu ya tangi kubwa inakijaza kitangi, na pampu ya pili yenye nguvu inavuta kutoka chini ya kitangi kwenda kwenye injini. Ni kama mtungi wa jikoni: kisimani maji yakichelewa kidogo, mpishi hana habari, anachota mtungini. Walipanda mlima na taa imewaka, mara sita, kwa makusudi. Mshale haukushuka hata unywele.

Na usiku alikuwa akijipa sababu, nzuri nzuri. Kwamba injini ya mzee ilikuwa imechoka hata hivyo. Kwamba Jumapili Kanga likipanda salama jina lake litasimama imara, na akishasimama atamsaidia mzee kimyakimya, bila kelele, itakuwa heri zaidi. Kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa zinaishia kwenye ile kofia ya kufuma ya mzee uani.

Jumapili ikafika. Mlima wa Kwa Mwinyimadi ulijaa watu, wauza miwa, mananasi yaliyomenywa, spika mbili kubwa na mshereheshaji mwenye sauti ya kukwaruza. Magari kumi na manne. Kanga lilikuwa la tisa. Lilipofika kona ya tatu Maulida alifumba macho. Alisema baadaye kwamba vumbi lilimwingia. Alipofumbua, Kanga lilikuwa juu. Halikushika nafasi ya kwanza, lilishika ya pili, nyuma ya gari la tajiri mmoja wa Dar ambalo lilikuja limebebwa juu ya lori kama bibi harusi. Lakini la pili lenye madoa, lililotengenezwa nyuma ya wauza matairi, lilishangiliwa kuliko la kwanza.

Watu wakamzunguka Maulida. Vijana watatu wakataka namba yake. Bwana mmoja wa Dar, tumbo mbele, akamwambia kwamba wiki ijayo anamletea magari yake mawili. Mshereheshaji akashuka na maikrofoni. "Fundi wetu huyu hapa, mama wa mafuta. Hebu watobolee watu siri. Wengine injini zinawafia kwenye kona ile pale, wewe umefanyaje?"

Kuna waliocheka, mmoja nyuma akasema, "Chupa." Na Maulida akageuza shingo, akamwona mzee Husseini amesimama kwenye ua wake, mikono juu ya miti ya wigo, amekuja kutazama magari kama mtu anayetazama chakula cha watu. Kalisikia lile neno, maana aliinamisha uso.

Maulida akaichukua maikrofoni.

"Siri ni kwamba mimi ni mjinga," akasema, na spika zikalipeleka hilo mpaka bondeni. Watu wakacheka, wakidhani ni utani. "Msicheke, sijamaliza. Mwaka jana gari la mzee Husseini lilifia pale. Nilisema ni mafuta ya chupa. Halikuwa na mafuta ya chupa. Lilikuwa na mafuta machache, na machache niliyaacha mimi. Yeye aliniuliza ajaze, mimi nikamwambia asijaze, kwa sababu ya uvivu wa mgongo wangu. Kwenye kona ile pampu ilivuta hewa, injini ikaungua. Ni mimi. Mzee huyu hajawahi kuweka mafuta ya chupa maishani mwake. Aliyemwita jina lile alilichukua kutoka kwangu, basi anirudishie mimi."

Mshereheshaji alichukua maikrofoni yake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Bwana wa Dar aliyekuwa na magari mawili alikumbuka kuwa anapigiwa simu. Pale kwenye ukingo wa barabara muuza miwa mmoja, mwanamke, alitikisa kichwa akasema, "Mficha uchi hazai," na akaendelea kumenya miwa yake.

Mzee Husseini aliitoa mikono yake kwenye wigo, akageuka, akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Maulida alirudi Kibaha kwenye Kanga.

Siku ya pili yake wateja wawili waliokuwa wameahidi kuja hawakuja. Wauza matairi walikuwa wanamwangalia kwa pembe ya jicho. Muuza kahawa peke yake ndiye aliyemwambia, "Jana umefanya vizuri, dada," na akamkataza kulipa, na Maulida nusura alie kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Jumanne alipakia boksi lake la spana kwenye bodaboda akaenda Kisarawe. Hakuwa ameitwa. Alikuwa ameshaulizia pistoni, ringi na gasketi, na ameshajua nani wa kumsaidia kusafisha bloku ya injini. Alichokuwa hajui ni kama atafunguliwa mlango. Njia nzima alikuwa anajaribu maneno, na alipofika kwenye ua yote yalikuwa yamemtoka.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua korosho. Gari la buluu lilikuwa nyuma yake juu ya matofali, vumbi limelifunika, boneti wazi.

"Hodi," Maulida akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Maili Moja hawajawahi kuisikia, "Shikamoo, mjomba."

Mzee akachambua korosho moja. Akachambua ya pili. Akaitazama ya tatu pande zote, akaitupa kwenye mbovu. Maulida alibaki amesimama na boksi lake, linamvuta bega, na hakuliweka chini kwa sababu hajakaribishwa.

"Mwaka mzima," mzee akasema bila kuinua uso. "Msikitini walikuwa wananiachia nafasi eti nanuka petroli, wananicheka. Mjukuu wangu aliniuliza babu, chupa ni nini."

"Najua, mjomba."

"Hujui."

"Sijui," Maulida akakubali, na machozi yakamtoka. Safari hii hakusingizia vumbi.

Mzee alikung'uta maganda kwenye kikoi chake. Akainua kichwa, akamtazama usoni, si juu ya kichwa chake.

"Marahaba," akasema.

Maulida akaweka boksi chini. Alijifuta kwa mkono, akapiga hatua kuelekea kwenye gari, mikono ikiwa imeshaanza kuwasha kutaka kazi.

"Wee, simama hapo hapo," mzee akasema. "Usiliguse."

"Mjomba, nilikuwa nataka nianze kazi leo."

"Chungulia kwanza."

Akachungulia chini ya boneti. Juu ya injini iliyoachwa wazi, katika majani makavu na manyoya, kulikuwa na kuku mwekundu amejibana, amevimba, anamtazama kwa jicho moja la hasira.

"Ana mayai kumi na moja," mzee akasema. "Leo siku ya tisa anaatamia. Utarudi akishaangua."

Maulida alihesabu kwa vidole. Kisha akavuta kipande cha gogo, akakaa kando ya mzee, akachota korosho akaanza kuchambua.

"Na siku utakapolimaliza," mzee akaongeza baada ya muda, "nitalijaza mpaka shingoni. Na likisumbua utalishusha hilo tangi hivyo hivyo lilivyojaa."

"Nitalishusha, mjomba," Maulida akasema.